Hofu ya mbwa inataka kuniachisha baiskeli. Wenzangu mnafanyaje?

GiaYaTatu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Naomba mnisome hadi mwisho, na mwenye kejeli naomba apite kimya.

Naendesha baiskeli mwaka wa sita sasa, siku zote za kazi na asubuhi za Jumapili. Miezi saba iliyopita nilikuwa nashuka mteremko mdogo, kumeshapambazuka vizuri, mikono juu ya usukani kwa raha zangu. Mbwa akatokea kwenye mwanya wa ua upande wa kushoto. Hakubweka. Nilichosikia kwanza ni kucha zake kwenye lami, zile za haraka haraka, na nilipogeuza shingo kichwa chake kilikuwa sawa na pedeli yangu. Nikabana breki ya mbele kwa nguvu zote. Mbwa hakunigusa hata kwa pua. Lami ndiyo iliyonichuna, kuanzia kiwiko hadi kiganja. Yule mbwa alisimama hatua kama tano kutoka nilipoanguka, akanitazama, kisha akarudi kwao taratibu.

Kidonda kilipona ndani ya wiki tatu. Kilichobaki ndicho kimenileta hapa. Njia yangu ya kilomita 11 imekuwa 19 kwa ajili ya kukwepa. Nyumba zenye mbwa nazijua zote kwa mpangilio wake. Na Jumapili iliyopita nimegeuza baiskeli kwa sababu ya mbwa aliyelala. Amelala ubavu kivulini, mita kama mia mbele yangu, hata sikio halikutikisika. Vidole vikabana breki vyenyewe, mdomo ukakauka, moyo nikawa nausikia masikioni. Nikarudi nilikotoka, na njiani nililia.

Nina maswali mawili. La kwanza, mbwa akitoka mbio, ufanye nini pale pale? La pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi: hii hofu inaondokaje? Habari za sumu msiniletee, sitaki kuzisikia. Naomba kuwasilisha.

CheniMpya

Pole sana mkuu. Dawa yake ni mwendo tu. Ukimwona ongeza gia, simama juu ya pedeli, kanyaga kwelikweli. Mbwa hana pumzi ndefu, ukishapita mpaka wa kwao anakata tamaa. Miaka yote nafanya hivyo na nipo mzima.

SpokiNyingi

Mkuu CheniMpya, sikukatalii kwamba wewe imekusaidia, ila tumwangalie anayeuliza. Mtu wa kawaida kwenye tambarare anakwenda kilomita 15 hadi 25 kwa saa. Mbwa mwenye afya, kwa masafa mafupi, anavuka 30 bila taabu. Wale wa mashindano wanaoitwa greyhound wanakaribia 70. Kwenye mteremko utamwacha. Kwenye mlima humwachi, hata uwe na mapaja ya aina gani.

Na kuna jambo watu hawaliangalii. Mbwa hakukimbilii pale ulipo, anakukatia njia kuelekea pale utakapokuwa. Ndiyo maana anaishia karibu na gurudumu la mbele, na gurudumu la mbele likipanda juu ya mbwa, usukani unapinduka na wewe unapaa. Mimi nimeanguka mara mbili kwa sababu ya mbwa na sijang'atwa hata mara moja. Hofu yangu kubwa ni kuanguka, na nadhani hata ya mleta uzi ni hiyo, ingawa anaiita hofu ya mbwa.

Kwa hiyo mimi napunguza mwendo. Mapema, kabla hajafika. Mbwa alikuwa amelenga mahali fulani, sasa sitakuwapo mahali hapo, inabidi aanze hesabu upya. Vidole viwili kwenye kila breki, usukani umenyooka, macho barabarani. Wale mnaovaa viatu vinavyonasa kwenye pedeli, mjinasue mkiona tu ua usio na lango. Na tafadhali msirushe teke. Mguu mmoja ukiwa hewani na mwili umeinamia upande wa mbwa, hapo unajiangusha mwenyewe.

NafugaNatunza

Nimesoma na nimeona niandike kwa urefu kidogo, kwa sababu nafuga mbwa, nawafundisha, na pia naendesha baiskeli. Mwenzetu ameuliza afanye nini, ila mimi naona kwanza ajue mbwa anafanya nini.

Mbwa ana mtiririko wa tabia aliorithi kwa wazee wake wawindaji: anaona, anakodoa, ananyatia, anakimbiza, anakamata. Binadamu tulivyomfuga tuliukuza mtiririko huo hapa na kuukata pale. Mbwa wa kuchunga kondoo, kwa mfano, tulimkuza kwenye kunyatia na kukimbiza, na ule mwisho wa kuua tukauzima. Mbwa wa namna hiyo akiona kitu kinapita kasi mbele yake, miguu inamtoka kabla hajafikiri. Hana ugomvi na wewe hata kidogo. Kinachomwita ni mwendo.

Wa pili ni mlinzi. Huyu ana eneo lake, na kazi yake ni kuhakikisha mgeni anaondoka. Sasa tazama kinachotokea kila asubuhi. Baiskeli inakuja, yeye anatoka anabweka, baiskeli inatimua mbio na kutoweka. Kwa akili yake yeye ameshinda. Kesho atatoka mapema zaidi na kwa nguvu zaidi, kwa sababu jana imefaulu. Mkuu CheniMpya, nisamehe, lakini kila unapomkimbia unamfundisha kukimbiza, na atakayekutana na mwanafunzi wako ni mwendeshaji anayekuja nyuma yako.

Wote wawili, kinachowaondolea hamu ni kitu kilekile: kitu kilichokuwa kinakimbia kikiacha kukimbia. Nifanyavyo mimi ni hivi. Napunguza mwendo, nasimama, nashuka upande ambao mbwa hayupo, ili baiskeli iwe katikati yetu kama kijiuzio. Halafu naongea. Hili la kuongea watu hulichukulia kama mzaha, lakini jaribuni. Ukiwa juu ya baiskeli, mbwa anaona umbo la ajabu lenye magurudumu na miguu inayozunguka. Ukishuka ukatamka maneno mawili kwa sauti nzito, ya taratibu, anagundua ni mtu, na watu anawajua. Nimewaona waliokuja kwa ghadhabu wakabadilika papo hapo, shingo inalegea, wananusa hewa, wanageuka.

Usimkodolee macho, mtazame kifuani au pembeni yake. Usimpe mgongo. Tembea kiupandeupande, baiskeli ikiwa bado katikati, mpaka umalize eneo lake. Na hapa ndipo wengi wanapoharibu: mbwa ameshatulia, mtu anarukia baiskeli palepale na kukanyaga. Mchezo unaanza upya! Tembea hatua thelathini zaidi, hata arobaini, ndipo upande, na uanze kwa gia nyepesi kama mtu asiye na haraka.

Kuhusu kusoma mwili wake. Ile methali ya kwamba mbwa abwekaye haumi msiifanye bima, wapo wanaobweka na wanauma. Ila anayebweka akiwa amesimama mahali pamoja mara nyingi anaomba nafasi, mpe. Mkia kutikisika peke yake si furaha. Mkia uliosimama wima, mgumu, unaotetemeka kwenye ncha, pamoja na mwili uliokakamaa na mdomo uliofumbwa, ni onyo. Mwili uliolegea, nyonga zinazoyumba, mdomo wazi, huyo amekuja kukusalimu kwa pupa tu.

Ikitokea amekuja kweli kuuma, mpe kitu kingine cha kung'ata: baiskeli yenyewe, begi, chupa. Ukiangushwa, jikunje kama mtoto tumboni, ngumi nyuma ya shingo, viwiko vifunike masikio, utulie. Haya ni ya nadra, lakini mtu mwenye hofu hutulia zaidi akijua kwamba hata kwa hilo baya kabisa ana la kufanya.

FimboMkononi

Mazuri yote hayo, lakini mimi bado nabeba fimbo fupi kwenye fremu na mawe mawili mfukoni. Kuna mbwa hawaelewi lugha ya ustaarabu.

NafugaNatunza

Ndugu yangu, nitakubaliana nawe nusu. Kuinama tu kama unayeokota jiwe huwarudisha mbwa wengi, hasa wanaozurura, kwa sababu wameshapigwa mawe huko nyuma. Nimelitumia hilo nikiwa nimezidiwa. Jiwe lenyewe silirushi. Ukimkosa umemwongezea hasira, ukimpata umemfundisha kwamba wenye baiskeli ni adui, na deni hilo atalipa mtoto anayetoka shule. Fimbo nayo inataka mkono mmoja utoke kwenye usukani, na mtu anayetetemeka anahitaji mikono yote miwili.

Chupa ya maji ni bora mara kumi. Ukishasimama, mmiminie usoni kwa kuibana, anashtuka na haumii. Dawa ya pilipili ya kupuliza siipendi kwa sababu upepo ukikugeukia unakuwa kipofu juu ya magurudumu mawili, na sheria za kuibeba zinatofautiana nchi hadi nchi. Vile vidude vya sauti kali isiyosikika na binadamu vinategemea ukweli kwamba sisi tunaishia mitetemo kama 20,000 kwa sekunde na mbwa anafika takriban 45,000. Kimoja ninacho. Mbwa mmoja alikimbia, wawili waliinamisha kichwa pembeni na kuendelea kuja. Siwezi kukutegemeza roho yako juu ya kitu hicho.

MjukuuWaVelosipedi

Nyongeza fupi ya historia, ili mleta uzi ajue hayuko peke yake. Mwishoni mwa karne ya 19 kule Ufaransa, baiskeli zilipoanza kuenea, mbwa waliwasumbua waendeshaji kiasi kwamba ilitengenezwa bastola ndogo maalumu kwa ajili yao, ikaitwa Velo-Dog. Risasi zake zilikuwa ndogo sana, na kulikuwa na zilizojazwa pilipili badala ya risasi. Watu wazima, wenye nguvu zao, walikuwa wanatoka asubuhi na bastola mfukoni kwa hofu hiihii. Siipendekezi! Nataka tu ajue kwamba tatizo lake limeanza na baiskeli yenyewe.

ZamuYaUsiku

Mimi ni muuguzi. Nitaandika mambo machache ambayo hayana mjadala.

Ukiumwa, au ukikwaruzwa na jino, au mate ya mbwa yakiingia kwenye kidonda, osha palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko unavyofikiri, watu wanaosha dakika mbili wanadhani wamemaliza. Usipake majani wala pilipili wala mafuta wala unga wowote. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo, upimwe haja ya chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Jeraha lililotoboa ngozi linaweza kuhitaji pia dawa ya kinga inayodungwa kwenye jeraha lenyewe.

Usisubiri dalili. Kwa kawaida dalili huchelewa miezi miwili au mitatu, wakati mwingine wiki moja tu, na zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria vifo vipatavyo 59,000 kwa mwaka, na asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutoka kwa mbwa. Lakini chanjo ikitolewa mapema na kozi ikamalizwa, ugonjwa unazuilika. Tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, mwezi Julai 1885, tumekuwa na silaha dhidi yake. Usikatishe sindano kwa sababu unajisikia vizuri. Kama mbwa anajulikana, mwenyewe aambiwe, mbwa aangaliwe siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyokuuma. Chanjo usiicheleweshe kwa kungoja siku hizo, ianze, daktari ndiye atakayeamua ikiwa inaweza kusimamishwa.

Kwa mleta uzi hasa: naandika haya ili uwe na mpango kichwani, yasikuongezee woga. Kama unaendesha kila siku mahali penye mbwa wengi wanaozurura, muulize daktari kuhusu kuchanjwa kabla. Waliochanjwa mapema bado huhitaji dozi baada ya kuumwa, lakini chache zaidi.

GiaYaTatu

Nawashukuru kutoka moyoni. Muuguzi, umenitoa jambo ambalo sikulitaja: usiku nilikuwa nawaza kichaa cha mbwa ingawa hata sikuguswa. Kusoma hatua kwa hatua kumenituliza kuliko kuambiwa nisiwaze.

NafugaNatunza, nimesoma maelezo yako mara tatu. Tatizo langu ni kwamba yote hayo nitayasahau nikisikia kucha kwenye lami. Kichwa kinaelewa, mwili haukubali. Nimeshajaribu kujiambia "huyu amelala tu", haisaidii.

NilipitaHumo

Hapa sasa ndipo nilipokuwa nangojea, kwa sababu nilikuwa vilevile, na kwangu ilianza nikiwa na miaka sita. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hakuna wa kumlaumu. Nilifika mahali sikai chumba kimoja na picha ya mbwa.

Aliyenisaidia alikuwa mwanasaikolojia, na sentensi yake ya kwanza sijaisahau: kila unapogeuza njia unapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo chakula cha hofu. Moyo unatulia ukishageuka, basi mwili unaandika kwamba kugeuka ndiko kulikokuokoa. Hauna nafasi ya kujua kwamba kama ungebaki, ungekuwa salama pia. Nilipousoma uzi huu nikaona ni yaleyale aliyoandika NafugaNatunza kuhusu mbwa. Mbwa anashinda ukikimbia, kesho anakuja na nguvu. Hofu nayo hivyohivyo.

Basi njia ni kukaribia, lakini kwa ngazi, na wewe ndiye unayeamua lini kupanda. Si jambo jipya. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika habari za mtoto aitwaye Peter aliyeogopa sungura. Walikuwa wakimsogeza sungura kidogo kidogo wakati mtoto anakula chakula anachokipenda, mpaka akafika kumshika. Na mwaka 1989 Lars-Göran Öst wa Sweden aliandika jinsi hofu ya kitu kimoja mahususi inavyoweza kutibiwa kwa kikao kimoja cha hadi saa 3, mtaalamu akiwa pamoja nawe muda wote. Kwa hiyo ukimpata mtaalamu, usidhani utamaliza miaka kwenye kiti chake.

Ngazi zangu mimi zilikuwa hivi. Picha, dakika kumi kila siku, mpaka nikachoka kuziangalia. Kisha video za mbwa wanaobweka, sauti ikiwa chini, halafu juu. Kisha kukaa kwenye benchi mahali ambapo watu huwatembeza mbwa wamefungwa kamba, mbali nao, siku baada ya siku naisogelea njia yao. Kisha kusimama karibu na mbwa mzee mpole wa mtu ninayemwamini. Siku ya kumgusa ilipofika nilimgusa mgongoni, si kichwani, kwa sekunde mbili, na manyoya yake yalikuwa magumu na ya moto kwa jua. Sikutegemea kwamba yatakuwa ya moto. Nilikuwa nimeishi miaka ishirini bila kujua mbwa akiguswa yukoje.

Kanuni ni moja. Ukishaanza ngazi usiiache hofu ikiwa kileleni. Kaa. Itapanda, itasimama, itaanza kushuka yenyewe, kwa sababu mwili hauwezi kubaki kwenye hali ile muda wote. Kwangu ilikuwa kama dakika ishirini mara ya kwanza, nane mara ya nne. Ukiona ngazi ni ndefu mno, igawe mara mbili. Wale watakaokusukuma uruke tatu kwa mpigo usiwafuate, hata wakiwa ndugu zako.

Na mwili wenyewe ufundishe kwa vitendo wakati hakuna mbwa. Kupunguza mwendo, kujinasua, kushuka kulia, kushuka kushoto, kusema neno lako, kutembea hatua thelathini. Fanya hivyo mara ishirini barabara ikiwa tupu. Siku ya siku mikono itajua, hata kichwa kikitoweka.

CheniMpya

Nimerudi kusema kwamba nimesoma yote. Sikuwahi kufikiria anayekuja nyuma yangu. Kuna mbwa mmoja njiani kwangu ambaye kila mwaka anazidi kuwa mkali, na sasa najua mwalimu wake nani. Nitaanza kushuka.

KitiChaNyuma

Kaka na dada zangu, mimi nabeba mtoto wa miaka minne kwenye kiti cha nyuma. Kushuka haraka siwezi, baiskeli itaanguka naye. Na nikipiga kelele naye anaanza. Juzi ameniambia "mama, mbwa ni wabaya", na mimi sijawahi kumfundisha hivyo.

NilipitaHumo

Dada, amefundishwa na mabega yako. Watoto husoma huko. Lakini mlango huohuo unafunguka kwa upande wa pili. Mwaka 1967 Albert Bandura na wenzake walichukua watoto wadogo waliokuwa wanaogopa mbwa, wakawaonyesha kwa siku nne mtoto mwenzao akicheza na mbwa bila wasiwasi, kila kipindi akimkaribia zaidi. Wengi wa waliotazama waliweza baadaye kumsogelea mbwa wao wenyewe. Hawakuhubiriwa. Walitazama tu. Kwa hiyo ukimwonyesha mwanao mtu anayemsalimu mbwa mpole kwa utaratibu, kwanza kuomba ruhusa ya mwenye mbwa, kisha kungoja mbwa anuse, umefanya kazi kubwa kuliko maneno mia.

SpokiNyingi

Na kuhusu kushuka na mtoto: usishuke. Simama tu. Miguu yote miwili chini, fremu katikati ya mapaja, breki zimebanwa, elekeza gurudumu la mbele upande wa mbwa ili mtoto awe mbali naye kadiri iwezekanavyo. Ongea na mwanao badala ya mbwa, kwa sauti ya kawaida. Mbwa atasikia sauti ya mtu na mtoto atasikia mama yake. Kisha sukuma kwa miguu polepole, umekaa hivyohivyo. Shusha kiti chako sentimita chache ili nyayo zikanyage chini kikamilifu. Hilo lifanye leo.

NafugaNatunza

Na mkimjua mwenye mbwa, nendeni mkaongee naye, kwa miguu, siku nyingine, si dakika ya hasira. Wengi hawajui mbwa wao anafanya nini saa kumi na mbili asubuhi. Mimi mwenyewe niliwahi kugongewa lango na mama mmoja, akaniambia kwa upole kwamba mbwa wangu mdogo anawakimbiza watoto wake wakienda shule. Niliona aibu. Wiki hiyo niliziba ule mwanya, na nikaanza kumfundisha kukaa kila baiskeli inapopita. Ilichukua miezi miwili. Mzigo wa kwanza ni wetu sisi tunaofuga, na nasema hivyo nikiwapenda mbwa kuliko watu wengi ninaowajua.

GiaYaTatu

Mrejesho, wiki ya tatu.

Picha zimeisha, video nimefika zile za sauti ya juu. Benchi nimeenda mara tano. Siku ya pili niliondoka hofu ikiwa juu, na kweli siku ya tatu ilikuwa mbaya zaidi, kama ulivyosema. Sasa nakaa hadi ishuke. Mazoezi ya kushuka nimefanya mpaka muundi una alama ya pedeli. Njia bado ni kilomita 19.

NilipitaHumo

Hiyo siku ya pili usiihesabu kama hasara. Umeonja mwenyewe nilichokuwa nasema. Endelea na benchi, usiharakishe mteremko.

GiaYaTatu

Mrejesho, wiki ya tisa. Mtaniwia radhi kwa kuandika mengi.

Nilikwenda kwanza kwa mwenye nyumba ile ya mteremkoni, kwa miguu, Jumamosi jioni. Mzee mmoja. Hakujua lolote kuhusu mimi kuanguka. Alinishika mkono ule wa kidonda akautazama, akaomba radhi, na akaniambia mbwa huyo ni mzee na ana jicho moja tu linaloona. Mwanya ameahidi kuuziba. Mpaka juzi bado.

Juzi nilipita. Saa kumi na mbili na nusu, mteremko uleule. Nilianza kupunguza mwendo tangu juu, vidole kwenye breki. Alitoka, safari hii akibweka. Sitaki kuwadanganya: moyo ulikuja kooni, na kwa sekunde moja miguu ilitaka kukanyaga. Mikono ikabana breki zote mbili kwa pamoja, polepole, kama kwenye mazoezi. Nikashuka kulia. Baiskeli katikati. Nikasema nilichokuwa nimekariri. Akabweka mara tatu zaidi, kisha akageuza kichwa ili lile jicho zima linione, na ndipo nilipoona jinsi pua yake ilivyo na mvi. Nikaanza kutembea. Alinifuata hatua chache akinusa gurudumu la nyuma, akakaa chini. Nilihesabu hatua thelathini, nikaongeza kumi, nikapanda.

Mikono ilitetemeka hadi nilipofika. Kilomita 11. Jana nimepita tena, imetetemeka kidogo. Kuna uchochoro mmoja wenye mbwa watatu bado nauzunguka, na nitauzunguka kwa muda, huko sijafika.

CheniMpya

Hongera sana mkuu, nimesoma mara mbili. Wa kwangu siku ya nne sasa nashuka. Leo hakutoka langoni, alibweka akiwa amelala.

KitiChaNyuma

Mungu akubariki kwa kuturudia na mrejesho. Kiti nimekishusha, nyayo zinafika. Lile neno ulilokariri ni lipi? Nataka tuwe tunalisema wawili, mimi na mwanangu.

GiaYaTatu

"Nimekuona. Napita tu." Sema taratibu, dada, kama unayemsalimu mtu aliyekaa mlangoni kwake.